Jeni Tusiwaachie Wabaguzi

Katika kumbi nyingi za sayansi ya jamii, ukitaja jeni kwenye mjadala wa umaskini unakuwa umeshajitangazia upande. Hakuna atakayekuuliza ulitaka kusema nini. Utaambiwa kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya ardhi, mishahara, shule, ukoloni na sera. Kwamba vinasaba ni mambo ya maabara. Na kwamba kila aliyewahi kuvihusisha na nafasi ya mtu katika jamii aliishia kuwatukana wanyonge. Msimamo huu una watetezi wenye nia njema na ndio unaotawala. Naupinga, tena naupinga nikiwa upande uleule wa kisiasa na wao. Naamini tofauti kubwa za mali na elimu tunazoziona ni dhuluma, na naona wanaozitetea wamepewa silaha bure na watu wanaozichukia.

Hofu ya wenzangu hawa haikutoka hewani. Francis Galton, aliyeandika mwaka 1869 kwamba vipawa vya wakubwa wa Uingereza vinapita katika damu ya koo zao, ndiye aliyeipa jina, mwaka 1883, ile elimu ya kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuamua nani azae na nani asizae. Elimu hiyo ilifika mpaka Nairobi. Mwaka 1933 kiliundwa pale chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Dkt. H. L. Gordon, tabibu aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya una upungufu wa kuzaliwa nao. Mwenzake, F. W. Vint, alichunguza bongo 100 za wanaume Waafrika waliofariki, akachapisha matokeo mwaka 1934. Madai hayo yalitumika kuonya dhidi ya kumpa Mwafrika elimu ya Kizungu. London iliombwa fedha za kuendeleza utafiti huo, ikakataa. Lakini maneno yalikuwa yameshasemwa na walowezi walikuwa wameshayashangilia.

Wala hayakuishia hapo. Mwaka 1994 Richard Herrnstein na Charles Murray walitoa Marekani kitabu kinene, The Bell Curve, kilichowaambia wasomaji kwamba matabaka ya nchi yao yanafuata akili, na akili kwa sehemu kubwa inafuata urithi. Mei 2022 kijana mmoja mzungu aliwaua watu weusi kumi kwenye duka kubwa mjini Buffalo, na katika waraka alioacha alikuwa ameweka utafiti wa vinasaba kuhusu elimu. Anayesema mada hii inanuka damu, sitambishia.

Ila tuangalie Gordon na Vint walikuwa na nini mkononi. Mizani, vipimo vya fuvu, darubini. Data ya vinasaba hawakuwa nayo hata chembe; umbo la DNA lenyewe lilielezwa mwaka 1953, miaka 20 baada ya chama chao kuundwa. Murray na Herrnstein nao waliandika kabla mtu yeyote hajaihusisha nukta hata moja ya vinasaba na miaka ya masomo kwa namna ya kuaminika. Na muuaji wa Buffalo? Utafiti alioubeba ulihusu watu wenye asili ya Ulaya peke yao, na waandishi wake walikuwa wameeleza kwa kirefu kwamba hauwezi kutumika kulinganisha mbari. Ubaguzi haujawahi kusubiri ushahidi. Sasa ukifunga mlango wa utafiti, unayemzuia ni yule ambaye angeweza kusimama na kusema: hapana, data hii haisemi hivyo, na hii hapa inavyosema.

Kosa la msingi la wenzangu liko ndani zaidi, nalo ni kosa wanaloshiriki na Murray mwenyewe. Pande zote mbili zimekubaliana kimyakimya kwamba jambo likiwa na chanzo katika jeni, basi halibadiliki na hakuna wa kulaumiwa. Murray anafurahia hitimisho hilo. Wapinzani wake wanaliogopa, kwa hiyo wanakana kwamba jeni zina lolote la kufanya na maisha ya mtu katika jamii. Hakuna kati yao anayesimama kuliuliza sharti lenyewe: nani kasema kilichorithiwa hakibadiliki?

Chukua selimundu, ambayo wengi wetu huiita sikoseli. Ukitaka ugonjwa wa jeni, huu ndio wenyewe. Herufi moja imebadilika katika jeni inayotengeneza himoglobini. Mtoto akiirithi kwa baba na kwa mama, chembe nyekundu za damu yake hujipinda na kuziba njia. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwa sampuli za Afrika Mashariki kwamba anayeirithi upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hii haikutoweka kwetu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa zaidi ya watoto 10,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Hakuna uvivu wa mzazi wala uhodari wa mwalimu unaoingia hapa. Ni urithi mtupu.

Sasa uliza nani anakufa nao. Uingereza na Marekani mtoto hupimwa siku chache baada ya kuzaliwa, huanzishiwa penisilini mapema, hupata chanjo, na akikua hupewa haidroksiurea. Zaidi ya tisa kati ya kumi hufika utu uzima. Afrika, makadirio ni kwamba nusu ya watoto hawa au zaidi hawafikishi miaka mitano, na wengi hufa pasipo mtu kujua walikuwa na nini. Mwaka 1986 majaribio yaliyofanyika Marekani yalionyesha kwamba penisilini ya kunywa kila siku inapunguza maambukizi makali ya bakteria kwa watoto wadogo wenye ugonjwa huu kwa 84%. Penisilini! Dawa ya kale, ya bei ndogo. Jeni ya mtoto wa London na ya mtoto wa Mwanza ni ileile, herufi kwa herufi, na aliyepanga nani aishi ni bajeti, maabara, barabara ya kwenda zahanati na uamuzi wa waziri. Mtu akisimama mbele ya wodi hiyo akasema "haya ni ya kurithi", atakuwa kasema kweli tupu, na ukweli huo hautamsaidia waziri kukwepa swali hata moja.

Tena selimundu ni rahisi, kwa sababu njia kutoka kwenye jeni hadi kifo inapita ndani ya mwili. Ualbino unatufundisha jambo gumu zaidi. Mtoto mwenye ualbino hukosa rangi ya kutosha kwenye ngozi na machoni. Macho yake huona hafifu na hayatulii. Mweke darasa la watoto 90, benchi la nyuma, ubao umefifia, dirisha linamwagia jua usoni. Haoni kilichoandikwa. Anafeli. Ukikusanya vinasaba vya darasa zima na kuvilinganisha na matokeo ya darasa la saba, jeni ya ualbino itajitokeza kwenye hesabu kama jeni ya kufeli mtihani. Mwanasosholojia Mmarekani Christopher Jencks alitoa hoja ya aina hii mwaka 1972, akiwaza nchi inayowafungia shule watoto wenye nywele nyekundu, na tangu hapo hoja hiyo inatumiwa kama ushahidi kwamba hesabu za vinasaba hazifai kitu. Mimi nasoma kinyume chake. Hesabu imetuonyesha mtoto anayeachwa. Kinachobaki ni kufuata njia: jeni, jicho, benchi la nyuma, ubao, mtihani. Kila hatua baada ya jicho tunaweza kuivunja kwa kiti cha mbele, miwani na maandishi makubwa. Pale Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kazi hiyo haikuanza kwa kukana kwamba ualbino ni wa jeni. Ilianza kwa kukubali hivyo na kuuliza swali la pili.

Lakini elimu na kipato si ualbino, nitaambiwa. Ni kweli, na hapa lazima tueleze data yenyewe ni kitu gani, maana wengi wanaoipinga hawajawahi kuiona na wengi wanaoishangilia wameisoma vibaya. Hakuna jeni ya elimu. Watafiti hupitia sehemu nyingi sana za vinasaba ambazo watu hutofautiana kwa herufi moja, hupima kila sehemu inaendana kiasi gani na miaka aliyosoma mtu, kisha hujumlisha viathari hivyo vidogo kupata alama moja. Mwaka 2013, kwa watu zaidi ya 100,000, walipata nukta tatu, kila moja ikiendana na takriban mwezi mmoja wa masomo. Mwaka 2018, kwa watu milioni 1.1, zilikuwa 1,271. Mwaka 2022, kwa watu milioni 3, zilikuwa 3,952, na alama iliyotokana nazo ilieleza kati ya 12% na 16% ya tofauti za miaka ya masomo miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa mtu mmoja mmoja alama hiyo ni ubashiri mbovu; anayetaka kuitumia kuchagua wanafunzi wa kidato cha kwanza anahitaji kusomeshwa upya hisabati. Kwa kundi la watu 10,000, hata hivyo, ni takwimu yenye uzito unaolingana na ule wa kipato cha wazazi, na hakuna mwanasosholojia atakayetupa kipimo cha namna hiyo kapuni kisa hakielezi kila kitu.

Na haivuki mipaka ya makundi. Alama ya mwaka 2018 ilipojaribiwa kwa Wamarekani weusi, uwezo wake wa kueleza ulishuka hadi chini ya 2%. Anayelinganisha wastani wa alama za mbari mbili na kudai amegundua jambo hajagundua chochote. Urefu wa mwili unarithiwa zaidi ya elimu, na bado wanawake wa Korea Kusini waliongezeka zaidi ya sentimita 20 ndani ya miaka 100, jeni zao zikiwa zilezile.

Sasa tuone data hii imesema nini ilipoulizwa na watu wenye maswali mazuri. Wanauchumi wawili wa Marekani, Nicholas Papageorge na Kevin Thom, waliwagawa watu kwa alama ya vinasaba na kwa kipato cha baba. Kati ya waliokuwa na alama za juu kabisa lakini baba zao wakawa na kipato cha chini, waliomaliza chuo walikuwa kama 24%. Wenye alama hizohizo za juu ila wakazaliwa na baba mwenye kipato kikubwa walikuwa 63%. Kisha soma hii polepole: watoto wa matajiri wenye alama za chini kabisa walimaliza chuo kwa 27%. Mtoto wa tajiri mwenye alama duni ana nafasi sawa, au imezidi kidogo, na ya mtoto wa maskini aliyejaliwa. Miaka yote tumeambiwa kwamba watoto wa wenye nacho wanatangulia kwa sababu wana vichwa. Hoja hiyo imejibiwa kwa kipimo chake yenyewe, ndani ya nyumba yake yenyewe. Na wenzangu wa kushoto, ambao walipaswa kuibeba takwimu hii kila wanakokwenda, hawaitaji, kwa sababu imetoka kwenye mlango waliouapia kutoupita.

Au twende Iceland. Mwaka 2018 Augustine Kong na wenzake walifanya jambo la werevu mno. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya jeni zake. Nusu nyingine hubaki. Waliangalia hizo zilizobaki, ambazo mtoto hana mwilini mwake, wakaona bado zinaendana na elimu yake, kwa nguvu ya karibu 30% ya zile alizorithi. Jeni ambayo mtoto hakuipata inawezaje kumgusa? Njia kubwa ni malezi: nyumba waliyomlea, vitabu, mazungumzo, utulivu, pesa. Hapa vinasaba vimetumika kupima mazingira kwa usafi ambao dodoso peke yake lingeshindwa, kwa kuwa dodoso haliwezi kutenganisha alichopewa mtoto kwa damu na alichopewa kwa malezi.

Uingereza nako, umri wa kuacha shule ulipopandishwa hadi miaka 16 mwaka 1972, kundi zima la vijana lililazimika kubaki darasani mwaka zaidi. Miongo kadhaa baadaye watafiti walichukua vinasaba vya watu hao kutoka hifadhi ya UK Biobank, wakawapanga kwa hatari yao ya kurithi ya unene. Pengo la ukubwa wa mwili usio wa kiafya kati ya theluthi yenye hatari kubwa na theluthi yenye hatari ndogo lilikuwa pointi 20 za asilimia. Mwaka huo mmoja wa shule ulilishusha hadi 6. Sheria ya bunge ilipunguza pengo ambalo mzembe wa fikra angelibandika jina la hatima. Bila vinasaba tusingejua waliofaidika zaidi walikuwa kina nani.

Matokeo mengine hayafurahishi upande wowote. Nchini Estonia, jeni zilieleza sehemu kubwa zaidi ya tofauti za elimu miongoni mwa waliokua baada ya uhuru wa 1991 kuliko waliosoma chini ya Wasovieti. Wapo wanaosema huo ni ushindi wa haki, kwamba milango imefunguka na kila mtu anafika uwezo wake unapomfikisha. Mimi nasita. Soko likizawadia aina moja ya kichwa kwa ukatili zaidi kuliko zamani, namba itapanda vilevile. Ubishi huo ni wa siasa na maadili, na unatuhitaji.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: hayo yote tulikuwa tunayajua. Hatuhitaji mate ya mtu kwenye kichupa kujua kwamba mtoto wa maskini anaonewa. Kwa mambo mengi nakubali. Kujenga vyoo vya shule hakuhitaji maabara, na nitakuwa wa kwanza kumcheka atakayeomba fedha za kupima vinasaba kabla ya kununua madawati. Lakini kujua kwamba kuna dhuluma hakutuambii ni dawa ipi inayotibu. Tafiti ngapi zimeona kwamba wazazi wanaowasomea watoto hadithi wana watoto wanaofaulu, zikahitimisha kwamba kusoma hadithi ndiko kulikoleta ufaulu? Wazazi hao waliwapa watoto hadithi na jeni pia. Anayekataa kuvitenganisha anakubali kwamba fedha za umma zijaribiwe gizani, na programu isipofanya kazi lawama inarudi kwa mama maskini: umefundishwa, vitabu umeletewa, bado mtoto hajui kusoma. Kathryn Paige Harden, mwanasaikolojia wa Texas aliyeandika The Genetic Lottery mwaka 2021, alilisema hili waziwazi na akashambuliwa kutoka kushoto na kulia kwa wakati mmoja.

Hatari za kweli zipo na zinahitaji watu wa kuzipiga vita. Marekani tayari kuna kampuni zinazowauzia wazazi wenye fedha alama za viinitete ili wachague wa kupandikiza. Kampuni za bima zitataka kuchungulia. Sampuli za Waafrika zinaweza kuishia mikononi mwa watu ambao wenye damu yao hawatawaona kamwe. Haya yanadai sheria, na sheria nzuri haiandikwi na mtu aliyeapa kutoisoma mada.

Kwetu, kukaa kimya juu ya jeni hakujaondoa imani ya urithi darasani. Imejaa tele. Ingia chumba cha walimu utasikia: huyu anatoka ukoo wa vichwa, yule kilaza kama kaka yake, usipoteze muda. Hiyo ni nadharia ya urithi isiyo na data, isiyo na asilimia, isiyo na mtu wa kuihoji, na inamhukumu mtoto akiwa na miaka tisa. Mwalimu huyo akionyeshwa kwamba alama bora kuliko zote duniani, iliyojengwa kwa watu milioni 3, haiwezi kumwambia yupi kati ya watoto wawili walioketi mbele yake atafaulu, atakuwa na sababu ya kunyamaza.

Data nayo inakuja, tupende tusipende. Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, jamii ya vijijini imefuatiliwa na watafiti wa afya tangu 1989, na mwaka 2019 vilichapishwa vinasaba vya zaidi ya watu 6,000 wa huko. Mpaka sasa maswali yaliyoulizwa zaidi ni ya damu, sukari na mafuta mwilini, maana wanaouliza ni madaktari. Uganda ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1997. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2001, Kenya 2003. Waingereza walikuwa na mwaka wao wa 1972. Sisi tunayo mitatu, iliyowagusa watoto wengi zaidi, wengine wakiingia darasani bila mzazi kuwahi kushika kalamu. Ningependa mtu aliyesomea sosholojia Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, anayejua karo ilikuwa inamtoa nani shuleni na msimu gani, aombe ridhaa ya jamii kama hizo na aulize ada ilipofutwa ni pengo lipi lilifungwa na lipi lilibaki wazi. Akikataa kwa sababu jeni zinamkumbusha Dkt. Gordon, swali litaulizwa na mwingine, pengine akiwa Boston, ambaye hajui kwamba baada ya ada kufutwa bado kulikuwa na sare, michango, na dada mkubwa aliyebakizwa nyumbani kulea.